Mwanya Usiomuuma Mwenyewe

Jumatatu ya tarehe 10 Februari 2014, wahandisi wa Cloudflare, kampuni ya Marekani ambayo kazi yake ni kuzikinga tovuti za wateja, walikabiliwa na wimbi la data la kutisha. Mteja wao mmoja alikuwa akimiminiwa data kwa kasi inayokaribia gigabiti 400 kwa sekunde. Ukitaka kuupima ukubwa wake, msikilizaji, kumbuka kwamba laini ya intaneti ya ofisi nyingi hapa kwetu Afrika Mashariki haifiki hata gigabiti moja, tena inagawanywa na wafanyakazi wote. Tovuti ya kawaida ikipigwa na wimbi kama hilo huzimika papo hapo, na mara nyingi huwazamisha na wenzake wanaotumia njia ileile.

Wahandisi wakazihesabu mashine zilizokuwa zikirusha data hiyo. Zilikuwa 4,529 tu, kwenye mitandao 1,298. Mwaka uliotangulia, shambulio lililolenga shirika la Spamhaus, lililofikia takriban gigabiti 300, lilitumia mashine zaidi ya 30,000. Safari hii karibu moja ya saba ya idadi hiyo ilitosha kuleta wimbi kubwa zaidi. Tena mashine zenyewe hazikuwa na virusi. Hakuna aliyelazimika kuiba nenosiri la mtu ili kuzitumia. Zilikuwa seva za saa, ziko kazini kama siku zote, na zilichokuwa zikifanya ni kujibu swali zililoulizwa.

Wasikilizaji wapendwa, hilo ndilo nataka tulizungumze jioni ya leo: mwanya wa usalama katika programu ya kulinganisha saa za kompyuta, mwanya ambao haukumuuma aliyekuwa nao, ukamuumiza mtu mwingine kabisa, wa mbali, asiyemjua wala kujuana naye. Naamini kwa dhati kwamba hii ndiyo aina ya kasoro iliyo ngumu kuliko zote kuzibwa, na ugumu wake hauko kwenye ufundi.

Tuanze na saa yenyewe. Kila kompyuta ina saa ndani yake, inayoendeshwa na kipande kidogo cha kristali. Joto likipanda, kristali hubadili mwendo. Ikizeeka, hubadili mwendo. Kompyuta mbili zilizoanza sawasawa utazikuta baada ya siku kadhaa zimepishana. Kwa hiyo huuliza. Kila baada ya muda kompyuta hutuma ujumbe kwa seva ya saa, na seva hiyo nayo imeiuliza nyingine iliyo juu yake, hivyo hivyo mpaka kufika kwenye saa ya atomi au kwenye setilaiti. Utaratibu huu wa kuulizana unaitwa NTP. Aliyeubuni ni David Mills, ambaye kwa miaka mingi alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani. Maelezo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1985. Mills alizaliwa na ugonjwa wa macho wa glakoma, akasoma na kufanya kazi kwa uoni hafifu, na baadaye akapofuka kabisa. Alifariki Januari 2024 akiwa na umri wa miaka 85, na sidhani kama wengi waliotazama saa kwenye simu zao siku ile walijua wanamdai shukrani.

Kazi yake inapendeza ukiitazama kwa karibu. Kompyuta yako inaandika saa inapotuma swali. Seva inaandika saa ilipolipokea, kisha saa inapolijibu. Kompyuta yako inaandika saa jibu lilipofika. Basi, nyakati nne. Kwa kutoa na kugawanya tu, kompyuta inajua ujumbe umekaa njiani kwa muda gani, na saa yake imetangulia au imechelewa kwa kiasi gani, kwa usahihi wa makumi ya milisekunde, hata kama seva iko bara jingine. Ujumbe wa kawaida ni baiti 48 kwenda, baiti 48 kurudi. Naomba msikilizaji ulishike hilo: swali na jibu vina ukubwa uleule. Mtu hawezi kuligeuza swali la saa kuwa silaha ya maana, kwa sababu anachopata ni kile alichotoa.

Mwanya ulitokea pembeni. Ndani ya programu ya ntpd, iliyokuwa ikitumiwa kuliko nyingine zote za aina yake, mliwekwa amri kadhaa za kumsaidia fundi kuiangalia seva yake. Mojawapo inaitwa monlist. Ukiituma, seva inakurudishia orodha ya kompyuta za mwisho zilizowasiliana nayo, hadi 600: anwani zake, zimewasiliana mara ngapi, lini mara ya mwisho. Kwa fundi anayetaka kujua ni nani anaitumia seva yake, au ni mashine gani imeharibika na inauliza saa mfululizo bila kupumzika, ni chombo kizuri sana. Amri hiyo ilizaliwa katika enzi ambayo intaneti ilikuwa ya vyuo na maabara, na wasimamizi wengi wakijuana kwa majina. Kumjibu yeyote anayeuliza kulikuwa ni ustaarabu.

Sasa oneni kilichofuata. Ujumbe wa NTP husafiri bila kubisha hodi. Pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, inatumwa, basi. Hakuna kusalimiana kwanza wala kuhakikishana. Juu ya kila pakiti imeandikwa anwani ya aliyetuma, na seva hulipeleka jibu kwenye anwani hiyo. Lakini anwani hiyo huandikwa na mtumaji mwenyewe, na mtumaji anaweza kuandika ya mtu mwingine. Ni sawa na mtu kwenda kuagiza malori mia moja ya mchanga, akaandikisha nyumba yako kuwa ndiyo ya kupelekewa. Mwenye mchanga hajakosea agizo, madereva hawana ubaya na wewe, ila asubuhi hupati pa kutokea. Swali la monlist ni pakiti moja ndogo. Jibu lake linaweza kufikia pakiti 100. Cloudflare walipopima, walikuta jibu linaweza kulizidi swali zaidi ya mara 200. Kitengo cha serikali ya Marekani kinachoshughulikia dharura za kompyuta, katika tahadhari yake ya Januari 2014, kilitaja mara 556.9. Maana yake ni kwamba mtu mwenye laini ya gigabiti moja anaweza, kwa hesabu tu, kumrushia adui yake gigabiti 200. Cloudflare walisema wazi kwamba huenda shambulio lile zima lilianzishwa kutoka seva moja.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu mafundi wengi bado hulisikia kama habari ya wadukuzi hodari. Ustadi uliotumika ni mdogo mno. Kazi kubwa ilifanywa na sisi, kwa kuziacha seva zetu wazi.

Na dawa ilikuwepo. Waandishi wa ntpd waliiondoa monlist katika toleo la majaribio mwaka 2010, wakaweka mahali pake amri nyingine inayomtaka muulizaji kwanza athibitishe kwamba kweli yuko kwenye anwani anayodai. Lakini toleo la majaribio si toleo ambalo ofisi huliweka kwenye mashine zake. Toleo rasmi lililokuwa mikononi mwa watu lilibaki na amri ya zamani, na toleo rasmi jipya, 4.2.8, lilitoka Desemba 2014. Katikati hapo palipita zaidi ya miaka minne. Watafiti waliozihesabu seva zinazojibu monlist mwanzoni mwa 2014 walikuta takriban milioni 1.4 duniani kote. Baadhi yake ziliharibika kwa namna ya kushangaza: pakiti moja ikiingia, zinarudisha gigabaiti nzima za majibu, zinarudia na kurudia bila kukoma.

Wenye mashine hizo walikuwa wapi? Walikuwepo, tena wengi wao ni mafundi wazuri. Ila hawakuona dalili. Seva inayotumiwa kumshambulia mtu inaendelea kutoa saa sahihi. Katika shambulio la Februari, kila mashine ilitoa wastani wa megabiti 87 kwa sekunde. Kwenye kituo kikubwa cha data kiasi hicho hakimwamshi mtu usingizini. Wengine hawakujua hata kama wana seva ya saa. Programu hii ilikuwa na tabia kwamba ukiiweka ili kompyuta yako iulize saa, papo hapo kompyuta hiyo inakuwa tayari pia kuwajibu wengine. Kwa hiyo kulikuwa na ruta na mashine za kila aina ambazo mwenyewe anaapa kwamba hazitoi huduma yoyote nje, kumbe mlango namba 123, unaotumiwa na NTP, uko wazi na unajibu dunia nzima.

Hapa ndipo nasema ugumu hauko kwenye ufundi. Paa likivuja juu ya kitanda changu, nitalipanda usiku huohuo. Lakini kasoro ambayo mimi nalala salama nayo, na anayelowa ni mtu wa Amsterdam au São Paulo nisiyemfahamu, itakaa kwenye orodha ya kazi za mwezi ujao, na mwezi ujao itasogezwa tena. Bosi hatauliza. Mkaguzi wa hesabu hatauliza. Mteja wangu hatalalamika, maana saa yake ni sahihi. Nimefanya kazi karibu na mafundi wa mitandao vya kutosha kujua jinsi siku yao inavyokwenda: anashughulikiwa anayepiga simu. Aliyeumia kwa seva yangu hana namba yangu.

Tazameni tofauti. Mwezi Desemba 2014 ilijulikana kwamba Neel Mehta na Stephen Roettger wa timu ya usalama ya Google walikuwa wamegundua kasoro nyingine ndani ya programu hiyohiyo ya ntpd. Hizi zilikuwa za kumuumiza mwenye mashine: pakiti moja iliyotengenezwa kwa hila ingeweza kumwezesha mshambuliaji kuendesha amri zake ndani ya kompyuta yako. Habari ilitangazwa tarehe 19 ya mwezi huo, dawa ikatoka pamoja na tangazo, na tarehe 22 Desemba kampuni ya Apple ikawapelekea watumiaji wa kompyuta za Mac marekebisho yaliyojiweka yenyewe, bila kumsubiri mtu abonyeze. Ilikuwa mara yao ya kwanza kutumia njia hiyo. Siku chache tu! Mwanya wa monlist ulingoja miaka. Programu ni ileile, waandishi ni walewale. Kilichobadilika ni nani anaumia.

Wala msidhani kuchezewa saa ni jambo dogo kwa mwenye saa. Kompyuta inapofungua ukurasa wa benki hukagua cheti cha usalama, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Ukifanikiwa kuirudisha saa nyuma miaka michache, cheti kilichokwisha muda, ambacho pengine ufunguo wake uliibwa zamani, kinahesabika kuwa ni hai. Zile namba za siri zinazobadilika kila sekunde 30 kwenye simu zinategemea saa. Mfumo wa kuingilia kwenye kompyuta za ofisi nyingi unakataa mtu ikiwa saa yake imepishana na ya seva kwa zaidi ya dakika 5. Tarehe 19 Novemba 2012, seva za saa za kituo cha astronomia cha jeshi la majini la Marekani, ambazo mashirika mengi yanaziamini, ziliteleza zikaanza kutangaza kwamba ni mwaka 2000. Hapakuwa na adui, ni hitilafu tu. Na bado ofisi kadhaa ziliamka wafanyakazi hawawezi kuingia kwenye mifumo yao.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston, Aanchal Malhotra na Sharon Goldberg pamoja na wenzao, walionyesha kwamba hilo linaweza kufanywa makusudi. Ntpd ina breki: ikiambiwa saa imepishana kwa zaidi ya sekunde 1,000, yaani karibu dakika 17, inakataa na kujizima. Lakini mafundi wengi wameipa ruhusa, kompyuta inapowashwa upya, iikubali saa yoyote mara moja. Ruhusa hiyo ina sababu nzuri, kwa kuwa mashine iliyozimwa kwa muda mrefu inaweza kuamka ikiwa imepotea kabisa. Mshambuliaji aliyekaa katikati ya njia husubiri dakika hiyo. Walionyesha pia kwamba mtu aliye mbali, asiyeona hata mawasiliano yenyewe, anaweza kughushi ule ujumbe wa seva unaosema "usiniulize tena kwa sasa", na kompyuta ikatii, ikanyamaza, saa yake ikaanza kupotea taratibu. Ujumbe huo uliwekwa kuzipunguzia seva mzigo. Adabu nyingine iliyogeuzwa silaha.

Kuna jambo limenikaa moyoni tangu nilipolisoma. Mwaka huohuo wa 2015 ilijulikana hadharani kwamba programu hii, inayoshikilia saa za benki, za masoko ya hisa na za mitambo ya simu, ilikuwa ikitunzwa kwa sehemu kubwa na mtu mmoja, Harlan Stenn wa jimbo la Oregon, na fedha za kumwezesha zilikuwa zikikaribia kwisha. Kampuni zinazoitegemea saa yake hazikuwa na ubaya naye. Saa ilikuwa inafika, kwa hiyo hapakuwa na simu ya kupiga. Ni ugonjwa uleule wa monlist, umeingia kupitia mlango mwingine.

Lakini nisiwavunje moyo, kwa sababu mwaka 2014 ulionyesha pia kwamba inawezekana. Tangu mwanzoni mwa mwaka huo, watu wachache waliamua kufanya kazi ya kuchosha: kuipekua intaneti nzima, kuorodhesha kila mashine inayojibu monlist, na kumtumia ujumbe mwenye mtandao mmoja mmoja. Makampuni makubwa ya mtandao yakaanza kuchuja. Ndani ya miezi michache zile milioni 1.4 zikapungua kwa zaidi ya asilimia 90. Hakukuwa na sheria wala faini. Mtu aliandikiwa kwamba mashine yako inamwumiza fulani, akasoma, akaona aibu, akaziba. Napenda kuamini kwamba wengi wetu tuko hivyo tukiambiwa.

Na sisi huku? Zamani, data zetu zilipokuwa zikipanda kwenye setilaiti kwa bei ya dhahabu, seva iliyoachwa wazi Mombasa au Dar es Salaam haikuweza kumdhuru mtu sana; njia yenyewe ilikuwa nyembamba. Tangu mwaka 2009 kebo za chini ya bahari kama SEACOM zilipofika pwani yetu, mambo yamebadilika. Njia ni pana, na huo ni upana wa kwenda pia. Uzembe wetu sasa unafika Ulaya na Asia kwa kasi ileile inayofika video tunayoitazama. Tulililia kwa miaka jambo la kuwa sehemu kamili ya mtandao wa dunia, na tumekuwa.

Kwa hiyo, fundi unayenisikiliza, chukua kalamu. Jaribu kuiuliza mashine yako monlist ukiwa nje ya mtandao wako, siyo ndani, maana ndani utadanganyika. Kama inajibu, weka toleo jipya, 4.2.8 au la baadaye, au hamia kwenye programu ya chrony, ambayo haina amri hiyo. Kama kifaa ni cha zamani na hakina toleo jipya, fungua faili la mipangilio la ntp.conf, na kwenye mstari unaoanza na maneno restrict default, ongeza neno noquery. Halizuii seva kutoa saa. Linazuia maswali ya kuipeleleza. Ruta nazo zikague, pamoja na vile vifaa vilivyofungwa na mtu aliyekwisha kuhama ofisi. Mwenye kuweka mfumo mpya ausome utaratibu wa NTS uliotangazwa mwaka 2020, unaoziwekea saa uthibitisho usioghushika. Waliouandika walikumbuka yaliyotokea: swali la NTS hupanuliwa makusudi, ili jibu la seva lisilizidi ukubwa.

Na wewe usiye fundi, ila unalipa bili ya intaneti ya shule, ya hospitali, ya duka au ya chama cha akiba, una swali lako la kumuuliza anayekuuzia huduma. Mwezi Mei 2000, wahandisi wawili, Paul Ferguson na Daniel Senie, waliandika mwongozo mfupi unaomtaka kila mtoa huduma azuie pakiti zinazotoka kwake zikiwa na anwani zisizo zake. Ungefuatwa kila mahali, malori ya mchanga yasingeagizwa kwa jina la mtu mwingine, na monlist ingebaki kuwa chombo cha fundi. Haujafuatwa kila mahali, kwa sababu ileile: anayechuja anamlinda mgeni, na gharama ni yake. Mwongozo unajulikana kwa jina la BCP 38. Mpigie simu mtoa huduma wako, utaje jina hilo, uulize kama mtandao wake unaufuata, na uombe jibu kwa maandishi. Akijua kwamba mteja anayelipa anauliza, swali litafika mezani kwa mkubwa wake.